Vyumba vya Mzee wa Plani

Kila picha aliianzia kwenye kivuli. Ungemwekea nyumba uliyoijenga wiki tatu ndani ya kompyuta, na bati lake, na maua yake, na gari mlangoni, naye angeinama, aweke kidole pale ukuta unapogusa ardhi, aulize: "Jua lako liko wapi?" Ukimwambia liko kushoto, angetaka kujua kwa nini basi kivuli cha mlingoti nacho kimeelekea kushoto. Kisha angetoka nje ya ateliye yangu, karakana ndogo ya kompyuta, asimame katikati ya barabara ya mtaa wetu wa Jabe, baiskeli zikimpigia kengele, aangalie kivuli chake mwenyewe, arudi ndani.

"Nimehakikisha," angesema. "Huku kwetu bado kinakimbia jua."

Tulimwita Mzee wa Plani. Alikuwa amechora plani za majengo miaka mingi, kwa rula na kalamu ya wino, mpaka vita vikamtoa kwenye meza yake na kwenye nyumba yake ya mtaa wa Cibitoke, upande wa pili wa mji, ndani ya wiki moja. Nilipomjua alikuwa amepanga chumba kimoja nyuma ya msikiti, na mimi nilikuwa naishi kwa kufungua kompyuta zilizochoka, nitoe kiungo cha hii nikitie kwenye ile, halafu nimwapie mteja kwamba zote mbili zilizaliwa hivyo.

Siku ya kwanza aliingia kukimbia mvua. Kwenye skrini alikuta jumba la ghorofa nililokuwa nalijenga kwa kujifurahisha, kwa programu ya 3D niliyoipata ndani ya mashine moja ya zamani. Alilitazama. Mvua ilikatika, yeye bado anatazama.

"Ngazi hii inapandwa na nani?" aliuliza. "Twiga?"

Nikaona kimo cha kila kipandio: sentimita arobaini. Nikamwambia tutaweka thelathini.

"Kumi na saba."

"Ishirini na tano, mzee, tumalize."

"Kijana, hii si nyanya. Muguu wa mutu hauna bei mbili."

Kesho yake alirudi na mita ya chuma mfukoni, akanipimia kizingiti cha mlango wangu mwenyewe. Kilikuwa kimepinda. Nimeishi na kizingiti kile miaka sita nikidhani ni mimi ninayejikwaa.

Baadaye tukawa wanne. Alikuwapo Espérance, mama wa Uvira aliyekuwa anauza vitenge sokoni hapo hapo Jabe, ambaye alijifunza mashine kwa kuangalia vidole vyangu na baada ya miezi miwili akawa ananisahihisha. Yeye alijenga saluni tu: saluni za vioo, saluni zenye chemchemi katikati, saluni moja ilikuwa juu ya ziwa. Alikuwapo na mfamasia wa mtaa wa Mutanga Nord, mtu wa shati lililopigwa pasi, tuliyemwita Dokta ingawa hakuwa, na yeye hakukataa. Huyo alikuwa na printa ya rangi, kwa hiyo hata picha zake mbaya tulizikosoa kwa adabu.

Tulikutana Jumamosi baada ya saa sita, tukatawanyika mapema ili kila mtu awe kwake kabla ya saa ya amri ya kutotoka nje usiku. Siku nyingine milio ilisikika kutoka milimani, tukaongeza sauti ya feni. Na kila Jumamosi kazi ilikuwa moja: picha ya mtu inawekwa kwenye skrini, mwenye picha anageuzwa uso ukutani, wenzake wanaitoa makosa. Haruhusiwi kugeuka. Haruhusiwi kujibu mpaka wote wamalize. Sheria hiyo aliileta Mzee wa Plani. Alisema mtu anayetetea mstari wake hasikii, na anayeangalia uso wa wenzake husikia heshima tu. Ukutani palikuwa na kalenda ya zamani ya kiwanda cha sabuni. Ninaweza hata leo kukuchorea kila doa la kalenda ile.

"Makosa tisa," angeniambia nikiwa ukutani.

"Mzee, tisa ni mengi. Chukua matano."

"Saidi, ukuta hausemi," angedakia Espérance. "Na we uko ukuta sasa."

"Saba basi," angesema Mzee, "lakini yale mawili unayojua mwenyewe utayatengeneza bila kuambiwa." Na kweli, nilikuwa nayajua.

Hakusifu. Kama kitu ni kizuri alikiruka tu, akaenda kwenye kinachofuata. Tulijifunza kusikiliza alichokiruka. Mara moja tu, kwenye ile saluni ya juu ya ziwa, alikaa mbele ya maji ya Espérance muda mrefu, akasema, "Maji haya yana baridi," na mama yule akaenda kununua fanta nne.

Mtu mwenyewe hakuwa wa mstari mmoja. Alitaka mlango wako uwe na bawaba hata kama hautafunguliwa, lakini shati lake lilikosa vifungo viwili, nami nimehesabu mara mbili. Alichukia moshi ndani ya picha, akisema ni njia ya kuficha ukuta mbovu, na hapo hapo anaomba sigara ya Dokta. Alituhubiria kila Jumamosi kwamba kazi isiyo na kopi mbili ni kazi ambayo bado hujaifanya. Yeye kazi yake ilikuwa na kopi moja, kwenye disketi nne, kwa sababu disketi zake nyingine alikuwa amempa Espérance. Nilikuja kujua hilo nimeshachelewa.

Kazi yake ilikuwa nyumba moja tu. Sisi tulikuwa tunajenga ovyo, leo hoteli, kesho uwanja wa ndege. Yeye alikuja alasiri tatu kwa wiki kwenye mashine yangu ya dirishani, miaka miwili, akijenga nyumba ile ile ya Cibitoke: vyumba sita, baraza, bati jekundu, ukuta wa matofali yenye chokaa iliyobanduka chini kidogo upande wa mvua. Alijenga kwa kukumbuka. Angefumba macho, apime hewani kwa viganja viwili, afungue macho, aandike namba.

Sisi tuliona nje tu. Ndani alikuwa anajenga mgongo wake ukiwa umeziba skrini, na ukikaribia angefunga mlango, mlango wa kwenye mashine, kwa kubofya mara moja. Nilidhani ni maringo ya fundi. Espérance ndiye aliyenieleza siku moja tukiwa wawili.

"Alikuwa na binti," alisema. "Walitoka wote mbio asubuhi moja, yeye, ule mutoto, na bibi yake, mama wa mutoto. Walifika kambini, homa ikamuchukua mutoto. Bibi naye hakukaa sana. Nyumba ilichomwa na kila kitu. Hana hata foto moja, Saidi. Hata moja."

Kwa hiyo nilijua. Ninaliandika hili hapa kwanza, ili mtu asije akanitetea mbele.

Jambo lilianza na printa ya Dokta. Alitangaza kwamba atachapa picha moja ya kila mtu, kubwa, kwenye karatasi nzuri, azitundike kwenye duka lake la dawa. Tulichangamka kama watoto wa shule. Tatu zikawa tayari haraka. Ya Mzee ilikataa. Kupiga rendu, yaani kuiacha mashine ipake mwanga na vivuli mstari kwa mstari mpaka itoke kitu kama foto, kwa nyumba yake kulihitaji saa kumi na moja, na umeme wa Jabe haujawahi kukaa saa kumi na moja. Alijaribu mara tatu. Mara ya tatu ilifika kwenye bati, umeme ukakatika, akabaki na mbingu peke yake.

Jumamosi hiyo akaenda ukutani kwa hiari. "Nipeni shauri," alisema kwa kalenda.

"Punguza ukubwa wa picha," alisema Dokta.

"Punguza mwanga wa kurudi-rudi, ule unaodunda kwa ukuta," alisema Espérance. "Mi nilifanya ivyo kwa saluni, ikapungua nusu."

Mimi nikasema lililo wazi. Kila kitu ndani ya mashine kimetengenezwa kwa vipande bapa vidogo, sisi tuliviita faseti, na kila faseti ni mzigo. Nyumba ya Mzee ilikuwa na faseti zaidi ya elfu sitini, na zaidi ya elfu arobaini zilikuwa ndani, nyuma ya milango iliyofungwa na mapazia yaliyoshushwa, mahali ambapo kamera haitafika kamwe. "Futa ndani," nikasema. "Picha itabaki ile ile. Hakuna jicho litakalojua."

Aligeuka kabla hatujamaliza. Ndiyo mara pekee alivunja sheria yake.

"Apana," alisema. "Ndani muache."

Sasa mimi ni mtu wa Jabe. Huku kwetu 'apana' ya kwanza ni mahali pa kuanzia. Mtu akikataa mara moja, unajua bado yupo kwenye biashara. Unamzungusha, unamwonyesha faida, mwisho anakushukuru. Nilimsikia Mzee, nikahesabu kwamba amekataa mara moja tu.

Juma lililofuata alikwenda Gitega kwa mazishi. Aliniachia disketi zake nne. "Umeme ukikaa," alisema, "jaribu tena. Ivyo ivyo ilivyo."

Umeme ulikaa asubuhi ya Jumanne. Nikaimwaga kazi yake kwenye mashine, nikaifungua kwa mistari mitupu, bila rangi, maana ndivyo tunavyofanya tukitaka kuhesabu mzigo. Nikaingia chumba kwa chumba na kipande cha boksi mkononi, naandika: kabati, faseti kadhaa, futa. Sahani, futa. Nilihesabu, nikafuta, nikahesabu tena kuhakikisha nimefuta. Nilifurahi. Nilipotoka chumba cha sita nyumba nzima ilikuwa nyepesi kama ganda la yai. Nikapiga rendu: ilichukua saa mbili na dakika kumi tu. Kwa furaha nikaihifadhi kwa jina lile lile, na kwa kuwa sasa iliingia kwenye disketi moja, nikaipanga hiyo moja vizuri, na zile tatu nikazisafisha kabisa ziwe tayari kwa kazi nyingine. Nilikuwa nimemwokolea disketi tatu. Nilipanga hata maneno ya kumwambia.

Alirudi Jumatatu. Nikamwonyesha picha. Aliinama, akaweka kidole pale ukuta unapogusa ardhi. Kivuli kilikuwa mahali pake, bati lilikuwa na ule wekundu wa vumbi, chokaa ilikuwa imebanduka. Alikaa hapo. Kisha akanishika bega, jambo ambalo hakuwa amelifanya kabla.

"Iko vizuri," alisema.

Halafu akafungua nyumba yenyewe kwenye mashine, kama alivyozoea. Akabofya mlango wa mbele. Ukafunguka. Nyuma yake palikuwa na kijivu kitupu. Akaingia. Akabofya mlango wa pili, wa tatu. Milango ilikuwapo yote, kwa sababu niliihesabu pamoja na kuta, na kuta sikuzigusa. Ilifunguka vizuri.

"Ndani kumeenda wapi?" aliuliza, bado anaangalia skrini.

Nilikuwa na yale maneno yangu niliyoyapanga. Nikafungua mdomo, likatoka jingine.

"Umeme, mzee. Ulikatika wakati nahifadhi."

"Umeme," alisema.

"Na disketi?" akaongeza.

"Nazo ziliharibika. Nilijaribu sana."

Alitikisa kichwa polepole. Espérance alipopita kutoka sokoni akamkuta amekaa vile, akanigeukia mimi akanipa pole, kwa sababu nilionekana mgonjwa. Nilipokea pole ile. Hata hiyo nimeihesabu.

Aliendelea kuja Jumamosi. Hakuanza nyumba upya, na hakuna aliyethubutu kumwambia aanze. Alikaa kwenye kiti chake akawatoa wenzangu makosa kama zamani: Dokta kumi, Espérance manne. Ikifika zamu yangu naenda ukutani, nasubiri. Wenzangu wanasema yao. Kisha yeye:

"Iko sawa."

Mwanzo nilidhani ni huruma. Nikaweka makusudi mlango usio na bawaba. Iko sawa. Nikaweka ngazi za twiga. Iko sawa. Nikafika mahali pa kuomba.

"Mzee, nipe hata moja."

"Sina."

"Nusu basi. Jua langu liko wapi?"

"Liko pale ulipoliweka."

Espérance alicheka, akasema Saidi amekuwa profesa, sasa anyamaziwe. Dokta akanipongeza. Mimi nilisimama mbele ya kalenda ya sabuni nikiwa na picha ambayo jua lake lilitoka kusini na kaskazini kwa pamoja, na mtu pekee aliyeweza kuniambia hakutaka.

Kikundi kilikufa chenyewe. Espérance alirudi Uvira ndugu zake walipomwita. Dokta alihamisha duka. Picha nne sijui ziliishia ukuta gani. Nilijiambia mara nyingi nitakwenda kumwona Mzee, nimwambie, na kila mara nilipata mteja.

Mwisho ni yeye aliyekuja. Mambo yalikuwa yameanza kutulia, vizuizi vya barabarani vimepungua, watu wanakwenda kuangalia viwanja vyao. Alisimama mlangoni, amekonda, mita ya chuma mkononi.

"Twende Cibitoke," alisema. "Nataka mutu wa kushika upande wa pili."

Tulikwenda kwa miguu sehemu kubwa, kwa sababu alitaka kuhesabu mitaa. Kiwanja kilikuwa nyuma ya karakana ya kuchomelea vyuma. Hakuna bati, hakuna tofali. Msingi tu, umechomoza kidogo ardhini, na mtu asiyejulikana alikuwa amepanda lengalenga, yaani mchicha, kote, sebuleni na vyumbani. Tulipima kwa adabu, tukiruka miche. Nilishika upande wa pili. Namba zote zilikuwa sawa na zile za kwenye mashine. Hakukosea hata sentimita mbili.

Tulipofika chumba cha pembeni nilishindwa.

"Mzee, haikuwa umeme."

Aliirudisha mita ndani ya kasha lake, ikalia.

"Umeme ukikata, unakata popote," alisema. "Unaacha nusu ya mulango, robo ya kiti. Ule umeme wako ulifagia vyumba sita na haukukwaruza hata kitasa. Nilijua siku ile ile."

"Na hukusema."

"Ni we ulikuwa wa kusema."

Nilisema nisamehe, akapunga mkono kama anayefukuza inzi, si kukataa na si kukubali. Alikuwa na haraka ya kitu kingine.

"Sikiliza. Mi nilikuwa naviweka vitu vyetu mule kwenye mashine ili nisivibebe kichwani. Usiku vilikuwa vinanichosha. Nikishaweka kitu, nakiacha kiende. Nikaviweka vyote. Sasa sina huku, na sina kule." Alionyesha kichwa chake, kisha upande wa mjini. "Mutu wa mwisho aliyeingia chumba hiki ni we. Si mi. Sema uliona nini."

Nikamwambia sikuona. Nilihesabu tu.

"Sema ulichohesabu."

Nilisimama katikati ya lengalenga nikafumba macho. Namba huwa haziniachi, ndiyo ugonjwa wangu. Kitanda kimoja, nikasema, kimegusa ukuta huu. Godoro. Sanduku moja, lina kitasa. Kigoda. Kwenye ukuta kulikuwa na misumari mitatu, kila mmoja na kitu kinaning'inia. Yeye alikuwa anasogea ndani ya chumba kisichokuwapo, anasimama pale ninaposema, anaitikia kwa koo.

"Chini ya kitanda viatu vitano," nikasema.

Alisimama. "Vinne. Au sita. Viatu haviwi vitano."

"Vitano, mzee. Kila kiatu kilikuwa na faseti idadi moja, nikagawa jumla, nikahesabu mara mbili. Jozi mbili, na kimoja peke yake."

Alikaa chini, polepole, juu ya msingi. Mchomeleaji kule nyuma alikuwa anapiga chuma, akaacha, akaanza tena.

"Ni kweli," alisema. "Mutoto alitoka na kimoja muguuni. Nilimubeba, na kile kiatu kilikuwa kinanigonga hapa, hapa ubavuni, mpaka kambini." Aliweka kiganja mahali pale, akakiacha. "Nilikuwa nimepoteza hicho. Wallahi nilikuwa nimekipoteza."

Nilichuchumaa karibu naye. Nilidhani, Mungu anisamehe, kwamba nimelipa kidogo.

Kisha akaniinulia uso, na sijawahi kuangaliwa hivyo na mtu anayenitegemea.

"Kilikuwa rangi gani?"

Rangi haina uzito kwenye mashine. Ukihesabu mzigo unaizima, unabaki na mistari. Nilijaribu. Nilifumba macho, nikainama chini ya kitanda kile, nikavitazama vyote vitano, na vyote vitano vilikuwa mistari mitupu.

"Sikuangalia," nikamwambia.

Alisubiri kidogo, kama mnunuzi anayechelewa kuondoka dukani, pengine nitabadilisha jibu. Akaniomba mkono nimwinue.